Mkono wa Wenye Mbwa Mmoja

Giesta alianguka kwenye ngazi za kanisa Jumapili ya Matawi, mbele ya watu wote wa Vale da Urze, kijiji cha milimani Ureno, na kilichomuuma zaidi Zulmira ni kwamba watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Mbwa mkubwa namna ile, manyoya rangi ya asali na uso mweusi kana kwamba amechungulia ndani ya tanuri, akikaa kitako ghafla kama bibi aliyechoshwa na mahubiri, anachekesha. Lakini alipojaribu kuinuka, miguu ya nyuma ilimkatalia. Akajaribu tena, akatoa sauti nyembamba isiyofanana na ukubwa wake, na kicheko kikafa chenyewe.

Amadeu, mume wa Zulmira, alimpa jirani tawi lake la mzeituni amshikie, akainama, akambeba mbwa kifuani. Alikuwa dereva wa basi mstaafu, na mgongo wake ulikuwa umebaki kwenye kiti cha basi.

"Mshushe, utavunjika," Zulmira alimwambia.

"Wewe tembea mbele, fungua mlango."

Wakateremka mtaa mzima hivyo, yeye mbele na funguo mkononi, mume nyuma akihema, na Giesta akiwatazama watu kwa aibu juu ya bega la baba yake wa kibinadamu. Hajafikisha hata miaka miwili.

Daktari wa mifugo wa Gouveia alikuwa binti mwenye sauti ya taratibu. Aliiweka picha ya eksirei kwenye mwanga, akawaonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Kichwa cha mfupa huu kinatakiwa kukaa ndani ya kikombe cha nyonga, kifichwe kabisa. Mnaona hapa? Kikombe hakipo. Ni kama sahani. Mfupa unateleza kila akipiga hatua."

"Nimemfanya nini?" Zulmira aliuliza.

"Hujamfanya kitu, mama. Kazaliwa hivyo. Wazazi wake waliwahi kupigwa picha ya nyonga?"

Zulmira akamtazama Amadeu. Amadeu akaitazama kofia yake.

"Hilo ulizeni," daktari alisema. "Na huyu apelekwe hospitali ya wanyama ya Coimbra akapasuliwe. Mkichelewa atakuwa mlemavu kabla hajazeeka."

Bei ya Coimbra ilikuwa karibu sawa na paa la nyumba ambalo walikuwa wamepanga kulitengeneza kabla ya baridi kurudi. Ndani ya gari hakuna aliyelitaja paa.

*

Giesta alitoka kwa Celestino. Hapo ndipo palipokuwa pagumu.

Celestino Farinha alikuwa mfugaji wa mbwa wa milimani kama baba yake na babu yake, na kwa miaka mingi alikuwa mwenyekiti wa chama cha wafugaji wa mbwa hao pale bondeni. Dume lake, Trovão, baba yake Giesta, lilikuwa limeshinda maonyesho mpaka sura yake ikachapwa kwenye kalenda iliyotundikwa mkahawani. Zaidi ya hayo, Celestino na Amadeu walitumikia jeshi pamoja, na Celestino ndiye aliyemshika Filipa, mtoto pekee wa Amadeu na Zulmira, siku ya ubatizo. Tangu siku hiyo walikuwa wakiitana kumpadre na kumadre, undugu wa ubatizo, na neno hilo huko halina mchezo. Anayeitwa hivyo hagombezwi barabarani.

Walimkuta getini akimpiga brashi Trovão. Zulmira akamweleza aliyoyasema daktari. Celestino alisikiliza bila kusimamisha brashi.

"Kumadre, nitakuambia ukweli na usikasirike. Mmemdekeza. Mmempandisha ngazi tangu mdogo, mmemlisha mkate na siagi, analala kwenye zulia. Mbwa huyu ameumbwa kulala kwenye theluji."

"Daktari kasema kazaliwa hivyo."

"Huyo binti? Juzi tu alikuwa anakula peremende pale dukani." Akacheka, akamkonyeza Amadeu. "Kumpadre, wewe ulimlisha nini? Sema kweli, ulimpa soseji."

"Kidogo," Amadeu alikubali.

"Umeona!"

Zulmira akauliza, "Na Trovão? Aliwahi kupigwa picha?"

Brashi ikasimama. Celestino alimpapasa mbwa wake kichwani, taratibu, toka paji la uso hadi shingoni. "Trovão amepigwa picha nyingi, kumadre. Nenda mkahawani ukaone."

Walirudi nyumbani. Usiku wa siku hiyo na siku nyingine kadhaa Zulmira aliamini kwamba kosa ni lake, la ngazi na siagi na zulia. Alilikunja zulia akalipeleka stoo. Giesta akabaki amesimama mahali lilipokuwa, akinusa sakafu, hajui alale wapi.

*

Filipa, ambaye alikuwa muuguzi Uswisi, alituma sehemu ya pesa, na paa likatoa iliyobaki. Wakampeleka Giesta Coimbra. Kwenye chumba cha kungojea Zulmira alimkuta mama mmoja mnene mwenye miwani mikubwa, na miguuni pake amelala mbwa dume mwenye uso uleule: weusi uleule na doa lilelile jeupe kidevuni.

"Nyonga?" yule mama aliuliza, kama mtu anavyomuuliza mwenzake kituoni anakokwenda.

"Nyonga."

"Wangu pia. Anaruka kama sungura, miguu miwili kwa pamoja. Mimi nikidhani anafurahi! Jina langu Ermelinda, natoka Guarda. Nimepeleka barua miaka thelathini, mbwa nawajua toka upande wa meno. Huyo wako baba yake nani?"

"Trovão."

Ermelinda akavua miwani akaifuta kwa ncha ya sketi, ingawa haikuwa na kitu. "Basi ni ndugu. Nawajua wengine wawili, Viseu na Covilhã. Wote tumeambiwa tumewalisha vibaya. Mimi nimeambiwa nimempa wali."

Zulmira akajikuta anacheka, kisha macho yakamjaa maji, na hakujua kipi kilitangulia. Akamsimulia habari ya zulia.

"Rudi nyumbani ukalitandike," Ermelinda alisema. "Halafu jiunge na chama."

"Chama gani? Mimi ni msusi, dada. Nina kiti kimoja na mbwa mmoja."

"Mbwa mmoja anatosha. Kanuni zao zinasema mwenye mbwa wa aina hii anaweza kuwa mwanachama na kupiga kura. Ila wenye mbwa mmoja hatujiungi, tunadhani ni mambo ya wakubwa. Basi wakubwa wanaamua wenyewe nani azae na nani. Wanauza, sisi tunakuja kukutana hapa Coimbra. Ukiwa nje unaweza kulalamika mpaka ukauke. Ukiwa ndani una mkono wa kuinua, hata kama ni mmoja."

*

Katibu wa chama, Bwana Leonel, alikuwa na duka la pembejeo karibu na daraja. Alimtazama Zulmira juu ya mifuko ya mbolea.

"Unataka kujiunga? Wewe unafuga, Bi Zulmira?"

"Nina mbwa mmoja."

"Mmoja si kufuga. Mmoja ni kuwa na mbwa." Wateja wawili wakacheka. Leonel naye akacheka, mtu mwema kwa jumla, akachukua ada yake na kumwandika. "Haya, karibu. Kila mwaka unaletewa kalenda. Mkutano upo mwezi wa kumi, baada ya misa, ukumbi wa wazima moto. Mkija wenye mbwa mmoja, mnakaa nyuma karibu na kahawa. Kahawa ni nzuri."

"Na mkono tunainua hukohuko nyuma?"

"Mkono wa nini?"

"Wa kura, Bwana Leonel."

Akaikuna shingo yake. "Sidhani kama kuna aliyewahi kuuliza."

Kipindi chote cha kiangazi Ermelinda alipiga simu kwa kila mtu aliyekuwa na mbwa mwenye uso ule. Wengine walikata simu. Wengine walilia. Wengi wakajiunga. Kwa pamoja wakapeleka ombi moja lijadiliwe mkutanoni: kwamba mbwa asizalishwe kwa muhuri wa chama mpaka nyonga zake zipigwe picha, na majibu yajulikane na kila anayetaka kununua.

Habari ilipofika Vale da Urze haikuhitaji mtu wa posta. Hermínia, mke wa Celestino, ambaye alikuwa akija saluni kwa Zulmira kutiwa rangi kila baada ya majuma machache tangu nywele zake za kwanza nyeupe, hakuja. Dada yake naye hakuja. Mkahawani, Amadeu alivuta kiti kwenye meza ya karata kama Jumapili zote, na Celestino akagawa karata bila kumfikia.

"Nimehesabiwa?" Amadeu aliuliza.

"Nilidhani siku hizi mko upande wa pili," Celestino alijibu, bila kumtazama.

Amadeu alikunywa mvinyo wake amesimama, akarudi nyumbani. Zulmira alikuwa anakata kabichi ya supu.

"Miaka arobaini nakaa meza ile," alisema.

"Najua."

"Hujui. Wewe una saluni. Mimi nina meza ile." Akakaa, akamwita Giesta, ambaye sasa alikuwa amenyolewa upande mmoja wa paja na mshono wake ulikuwa umepona vizuri. Mbwa akaja akichechemea, akamwegemea. "Sisemi uache. Nasema tu kwamba sitaingia ukumbini. Nitakuendesha, nitakungoja garini."

"Sawa."

"Usiniambie sawa kwa sauti hiyo."

"Ni sauti gani? Kula supu."

*

Ijumaa kabla ya mkutano, mchana, Celestino aliingia saluni. Zulmira alikuwa peke yake anafagia. Alikuwa amemkata nywele mwanamume huyo tangu wote wawili walipokuwa na nyingi, kwa hiyo mikono yake ilitangulia akili, ikamvutia kiti.

"Kama kawaida?"

"Nyuma tu. Na masikioni."

Akamfunga kitambaa shingoni. Akachukua mkasi.

"Jumapili utasema," Celestino alisema kwenye kioo.

"Nitasema."

"Utamtaja Trovão?"

Zulmira alimwinamisha kichwa mbele kwa vidole viwili, akaendelea.

"Kumadre, nina jike lenye mimba ya Trovão, banda zima linaingoja. Watoto wote wameshaombwa, mmoja hata Ufaransa. Ukilisema jina lile mbele ya watu, nimekwisha. Na sisemi habari ya pesa. Baba yangu alikaa kwenye kiti kile cha mwenyekiti. Mimi nimekaa."

"Umempiga picha?"

"Baba hakuwahi kumpeleka mbwa eksirei."

"Sikukuuliza ya baba."

Alikuwa na shingo nyekundu, yenye mikunjo kama gome. Ilikuwa shingo ya mtu mzee, na Zulmira alishangaa kwamba hakuwahi kuiona hivyo. Celestino akasema chini kwa chini, "Nitakupa mwingine. Jike. Uchague wewe kabla ya mtu yeyote."

"Halafu Giesta nimrudishe kwenye rafu?"

Zulmira akamfuta nywele shingoni kwa brashi laini, akamfungua kitambaa, akakikung'uta.

"Sitalitaja jina lake," alisema. "Mtoto wa mbwa simtaki, na wala sikuogopi. Ulimshika Filipa kwenye maji, na alipolia ukamwimbia, nakumbuka. Kwa hilo sitamtaja. Lakini kusema nitasema, kumpadre. Hilo usiniombe."

Celestino akavaa kofia yake, akasimama mlangoni kidogo kama anayetaka kuuliza jambo, akaenda.

*

Ukumbi wa wazima moto ulinuka mpira na kahawa. Mbele waliketi wafugaji, makoti yamefungwa vifungo, wakisalimiana kwa kugongana mabega. Nyuma waliketi wenye mbwa mmoja, wengi kuliko viti, wamejibana kama wageni wa harusi ya watu wasiowajua. Hermínia alikuwa kwenye meza ya vikombe. Alimpa Zulmira kahawa bila sukari, ingawa alijua anakunywa na sukari.

Leonel alisoma ombi lao. Hajalimaliza, mfugaji mmoja aitwaye Evaristo, mwenye tumbo lililomtangulia, akasimama.

"Tangu lini watu wa mbwa wa kochi wanatufundisha kazi? Mbwa wa mlima anapimwa mlimani. Anayemkimbiza mbwa mwitu nyonga zake ni nzima. Basi, yameisha, twende tukale."

Mbele wakapiga makofi.

"Na wako alimkimbiza mbwa mwitu lini, Bwana Evaristo?" Ermelinda aliuliza toka nyuma. "Mimi namjua kwa kumkimbiza mtu wa posta. Mtu wa posta nilikuwa mimi, na nilimshinda mbio. Angalieni nilivyo!"

Ukumbi mzima ukacheka, wa mbele na wa nyuma, na hata Hermínia akageuka kuficha uso. Celestino, kwenye kiti chake cha mwenyekiti, hakucheka. Alimpa Zulmira ruhusa kwa kuinua kidole.

Zulmira alisimama. Alikuwa ameyapanga maneno tangu kiangazi, na yote yakamkimbia. Akasema aliyokuwa nayo.

"Mimi ni Zulmira wa saluni. Mbwa wangu alianguka mbele ya kanisa, wengi mlikuwepo. Nikaambiwa ni mimi, nimemlea vibaya. Nikaamini. Nikamwondolea zulia, mnyama mgonjwa nikamlaza kwenye jiwe, kwa sababu niliambiwa na watu wanaojua. Sikuja kumfungia mtu banda. Mbwa hawa tunawapenda sote, nyinyi mnawazaa, sisi tunakaa nao. Naomba tu kwamba atakayekuja kununua baada yangu aambiwe ukweli wakati bado ana nafasi ya kusema hapana."

"Baba yake nani?" Evaristo alisema.

"Hilo silisemi."

"Ahaa! Silisemi! Mbwa ana baba, ama alimwagwa na mvua? Taja!"

"Sikuja kutaja."

"Kwa sababu hakuna! Jamani, tunabadilisha kanuni za babu zetu kwa maneno ya saluni. Leo nyonga, kesho atatuambia tuwatie rangi."

Wakacheka tena, na safari hii kicheko kilitoka mbele peke yake. Zulmira alibaki amesimama. Uso ulimwaka. Angeweza kulitoa jina lile kwa pumzi moja na kumkalisha mtu yule chini, na Ermelinda alikuwa anamvuta sketi, ananong'ona, "Sema, sema." Hakusema. Mlangoni aliona mtu ameingia na kuvua kofia. Alikuwa Amadeu, aliyekuwa ameahidi kubaki garini.

"Evaristo, kaa," Celestino alisema.

"Nikae kwa nini? Ataje kwanza, au akiri ni uongo."

"Ni Trovão."

Hakuipandisha sauti. Leonel, aliyekuwa akiandika, aliinua kalamu.

"Baba yake ni Trovão. Na wa huyu mama wa posta pia, nadhani." Celestino alishika ukingo wa meza. "Kumadre amenyamaza kwa sababu nilimwomba. Jana asubuhi nilimpeleka Trovão Gouveia, kwa yule binti. Nilikwenda nikijua nitarudi na karatasi ya kuwafunga midomo nyinyi wote wa nyuma. Sikurudi nayo." Akavuta pumzi. "Hajawahi kuchechemea siku moja. Nyonga mbovu amekuwa akiwagawia watoto wake tu. Mimi nilikuwa nawaambia watu ni soseji."

Evaristo alikaa, kiti kikalia.

"Haya," Celestino alisema. "Wanaokubali ombi wainue mikono. Leonel, hesabu, mimi sina miwani."

Nyuma yote iliinuka. Mbele iliinuka mikono michache, kisha mingine, polepole, kila mtu akimtazama jirani yake kwanza. Kwenye meza ya vikombe Hermínia, ambaye nusu ya mbwa wa mumewe walikuwa kwa jina lake na ambaye siku zote aliulizwa sukari wala si kura, aliweka birika chini akainua mkono wake uliolowa. Leonel alisita. Kisha akamhesabu.

Ombi lilipita.

*

Isidhaniwe kwamba mambo yalitengemaa kesho yake. Evaristo na wenzake wawili walijitoa chamani. Trovão hakuzalishwa tena. Celestino aliwapigia mmojammoja walioomba watoto wa mimba ile, akawaambia, na wa Ufaransa akamtukana kwa Kifaransa. Kiti cha mwenyekiti alikiacha mwenyewe. Majira ya baridi yote hakuonekana mkahawani, na Amadeu, aliyerudishiwa nafasi yake mezani, alisema karata hazina ladha, akawa anarudi mapema. Mvua ilipenya paa mahali pawili, wakaweka ndoo. Giesta alipanda mtaa bila kulia, ingawa alichechemea, na daktari akasema atachechemea daima.

Mwezi wa pili Amadeu alichukua jibini na mkate wa mahindi akaenda kwa Celestino bila kualikwa. Alikaa huko mpaka giza. Zulmira alipomuuliza walizungumza nini, alijibu, "Mambo ya jeshi."

Chama kilimpa Zulmira kazi ya kupokea simu za wanunuzi, kwa kuwa wenye mbwa mmoja walidai nafasi na hakuna mfugaji aliyeitaka. Simu ya kwanza ya masika ilimkuta akimpaka rangi Hermínia, ambaye siku moja alirudi tu, akakaa kwenye kiti na kusema, "Mvi zimeota mpaka aibu." Zulmira alibana simu kwa bega.

Alikuwa kijana wa Braga. Anataka mtoto wa mbwa wa mlima, mkewe ni mjamzito, wana bustani, hajui lolote. Ameambiwa wafugaji ni waongo. Amwamini nani?

Zulmira alichovya brashi kwenye bakuli la rangi. Kwenye kioo Hermínia alikuwa amekaa wima, kichwa kimejaa rangi, akitazama mikono yake mapajani.

"Wapo wazuri kadhaa, nitakupa majina," Zulmira alisema. "Lakini anza na Celestino Farinha, hapahapa Vale da Urze. Ana jike na dume jipya, wote wamepigwa picha. Muulize lolote. Yeye atakuambia hata usilouliza."

Akamsomea namba, akairudia, akamtakia heri ya mtoto, na akaiweka simu kwenye rafu.

"Kumadre," Hermínia alisema, "rangi inaingia sikioni."

"Geuza kichwa," Zulmira alijibu, akachukua kitambaa.